Mwaka Nilioombewa kwa Sababu ya Jiko

Habari za kifo cha baba mdogo zilinikuta jikoni kwangu, Singida, nachambua mchicha. Aliyepiga simu ni Imani, binti yake. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa darasa la tatu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. "Dada Paska," akasema, "baba ametutoka. Tunazika keshokutwa hapa hapa Babati, nyumbani Maisaka." Nikasema nitakuja, na nilisema hivyo kabla sijajiuliza kama kweli nitaweza. Nilikuwa sijakanyaga nyumba ile tangu nilipoondoka nikiwa msichana. Nimepita Babati kwa basi mara nyingi nikienda Arusha kununua vitambaa, na kila basi liliposimama stendi nilijifanya nimelala. Watu wa nyumbani walidhani nina chuki na mama mdogo. Sikuwahi kuwakatalia, kwa sababu chuki ina maelezo, mtu anaweza kuisimulia akaeleweka. Kilichonizuia mimi kilikuwa aibu, na aibu ile hata mume wangu sikupata kumweleza vizuri. Ningeanzaje? Ningesema nini, kwamba nilikimbia watu waliokuwa wananipenda kwa sababu ya jiko?

Nilikaa kwao mwaka mmoja, nilipomaliza kidato cha nne. Mchana nilikwenda kujifunza kushona kwa mama mmoja mwenye vyerehani karibu na soko, na asubuhi na jioni nilimsaidia mama mdogo kazi za nyumbani. Babati ilikuwa inajaa watu. Ofisi zilikuwa zinahamia mjini, na kila wiki uliona malori yameshusha makochi na makabati ya watumishi kutoka mikoa mingine, na wengine walihamishwa tena hata maboksi hawajayafungua. Bwana mmoja wa namna hiyo alipohamishwa alimwachia baba mdogo jiko la umeme. Lilikuwa jeupe, la sahani nne, la aina ile inayozamishwa katikati ya meza ya jikoni ukabaki unaona uso wake tu. Mtaa wetu mzima ulipikia mkaa na kuni, na wachache walikuwa na majiko ya mafuta ya taa. Mama mdogo alilifunika lile jiko kwa kitambaa cha kufuma na kuliweka sebuleni juu ya stuli, karibu na redio, na wageni walilisalimia kwanza kabla ya kutusalimia sisi.

Baba mdogo alikuwa mtunza stoo wa ofisi moja ya serikali. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kupasi shati lake mwenyewe. Redio ikiharibika alifungua, pasi ikigoma alifungua, na mara nyingi vilipona. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa aliposema jiko atalifunga yeye. Seremala alikata meza, na Jumamosi moja baada ya chai baba mdogo akapiga magoti chini ya ile meza, mimi nikimshikia tochi. Alitumia waya mweupe mwembamba, kama ule wa taa ya mezani, akaupitisha kwenye tundu la ukuta hadi soketi ya redio sebuleni. Ndani ya waya ule mlikuwa na nyaya mbili. Chini ya jiko palikuwa na sehemu tatu za kufungia. Nilimwuliza, "Na hii ya tatu, baba mdogo?" Akacheka kidogo, "Hiyo ni ya nchi za baridi, mwanangu. Huku haina kazi." Nikaridhika. Tulipowasha, sahani ikawa nyekundu taratibu, na mama mdogo akapiga kigelegele peke yake. Jioni ile majirani walijaa jikoni kutazama maji yakichemka bila moshi. "Mama Imani," mmoja akasema, "sasa wewe umekuwa mzungu kabisa." Mama mdogo akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa khanga. Nimejaribu kumkumbuka hivyo, akiwa katika furaha ile, kwa sababu yaliyofuata yananifanya nimkumbuke vibaya kuliko anavyostahili.

Wiki za kwanza hakukuwa na neno. Kisha asubuhi moja, nimemaliza kudeki na sakafu bado imelowa, niliinua sufuria ya maziwa, na kitu kikanikamata vidole kikapanda mpaka kwenye kiwiko. Sijui kama nilipiga kelele. Najua tu maziwa yalikuwa sakafuni na mama mdogo alikuwa mlangoni. "Umeona nini?" akaniuliza. Nikamwambia jiko limenipiga. Akaja, akaweka kiganja juu ya lile bati jeupe, akanitazama. Jiko lilikuwa kimya. Jioni baba mdogo akarudi kazini, naye akaweka kiganja, tena akakiacha pale muda mrefu, akasema kwa upole, "Mbona halina kitu, Paska?" Leo najua kilichokuwa kinatokea. Mama mdogo alikuwa na ndala zake za ndani, baba mdogo alikuwa na viatu vya ofisini, na mimi ndiye niliyekuwa peku, kwa sababu sheria ya jikoni kwangu mimi ilikuwa kwamba ndala za nje haziingii, na za ndani sikuwa nazo. Katika nyumba ile waliolipima jiko walikuwa wamevaa viatu, na aliyelipikia alikuwa miguu mitupu juu ya saruji yenye maji. Hakuna aliyeliona hilo, hata mimi.

Likanipiga tena, na tena. Si kila siku. Hilo ndilo lililoniharibia. Siku sakafu ikiwa kavu nilipika wali na samaki wa ziwani bila tatizo, mama mdogo akasema, "Unaona? Ukitaka unaweza." Siku nyingine nikigusa tu mfuniko nilitupwa nyuma. Nikaanza kuinua sufuria kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha kwa mwiko, kisha nikaanza kutetemeka hata kabla ya kuwasha. Niliunguza makande. Nilimwaga mboga ya wageni. Chumba changu kilikuwa ukuta mmoja na chumba chao, na ukuta haukufika juu, hivyo maneno yote yalipita. Nilimsikia mama mdogo akisema, "Huyu mtoto ama hataki kazi ama ana kitu chake kimemfuata." Baba mdogo akajibu, "Mwache, ni mgeni wa vitu hivi." "Mgeni gani wa miezi mitatu? Mbona Imani anapita hapo kila siku na hapigwi?" Kisha akashusha sauti, na sauti ikishushwa ndipo masikio hufunguka: "Kule Sigino, kwa kina mama yake, kuna mambo. Bibi yake naye alikuwa anaanguka." Nililala nimeuma shuka. Bibi yangu alikuwa na kifafa. Mimi sikuwahi kuanguka hata siku moja, lakini tangu jioni ile nilianza kujichunguza, kama mtu anayejishika paji la uso kutafuta homa mpaka anaipata.

Ndipo wakaja akina mama wa kikundi cha maombi. Kiongozi wao alikuwa Mama Gaudensia, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya kuita mstari wa asubuhi. Walikaa kwenye makochi, mimi nikawekwa katikati, juu ya mkeka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani. Mikono ilikuwa ya moto na yenye harufu ya vitunguu, maana walikuwa wametoka kupika kwao. Mama Gaudensia akaniuliza mbele ya wote, "Ukiguswa na hicho kitu, unasikia sauti?" Nikasema hapana. "Unaona mtu?" Hapana. "Kinaanzia wapi?" Kwenye vidole, nikasema. Wakaguna, wakatazamana, kama vile vidole vilikuwa jibu walilolitarajia. Imani alikuwa amechungulia mlangoni na rafiki zake wawili. Nilitazama mkeka. Sijawahi kuonewa kwa huruma kubwa namna ile. Wangenipiga ningelia na kumaliza, lakini walinipenda kwa nguvu, wakalia kwa ajili yangu, na mama mdogo alilia kuliko wote. Baada ya hapo, nikipita kwenda kwenye cherehani, wanawake waliacha kunyonyoa kuku wakaniuliza, "Unaendeleaje, mwanangu?" kwa ile sauti wanayoulizia wagonjwa.

Siku jambo lilipobadilika mvua ilikuwa imenyesha. Baba mdogo alirudi na viatu vimejaa tope, akaviacha mlango wa nyuma, akavua na soksi zilizolowa, akaingia jikoni peku akitafuta chai. Mama mdogo alikuwa kwa jirani. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Aliponyoosha mkono kushika birika lililokuwa juu ya jiko, nilimwona akikaza mwili wote, mdomo ukafunguka bila sauti, kisha akajitupa nyuma mpaka kabatini na birika likaenda chini. Chai ilisambaa sakafuni ikafika kwenye vidole vya miguu yake. Akatazama miguu yake. Akatazama ya kwangu. Nadhani aliona yote kwa pamoja, waya, viatu, miezi, mkeka ule, kwa sababu uso wake ulibadilika nikauogopa. "Tangu siku ile ya maziwa?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka, akaenda kuzima kwenye meinswichi, akarudi akaketi kwenye kigoda changu, na mtu yule mrefu akafunika uso kwa mikono. Nilitaka kumwambia haina neno, baba mdogo. Sikuweza. Mtoto hajui afanye nini na aibu ya mtu mzima.

Kesho yake jiko halikuwashwa. Alimwambia mama mdogo kuna kifaa anakisubiri, tukarudi kwenye mkaa. Jumamosi iliyofuata, mama mdogo alipokwenda Magugu kununua mchele, baba mdogo akamleta Hamisi, fundi umeme mwenye leseni, kijana wa mjini asiye na maneno mengi. Siku hiyo nikaona kazi ile inavyotakiwa kufanywa. Umeme ulizimwa wote, na Hamisi hakugusa kitu mpaka alipohakikisha kwa testa, ile bisibisi yenye taa, kwamba hakuna waya wenye umeme. Ule waya mwembamba aliutoa, na sehemu moja ulikuwa umebadilika rangi kwa joto na kuwa laini kama mshumaa. Akaleta waya mnene wa nyaya tatu, akauvuta moja kwa moja kutoka kwenye meinswichi, ukiwa na breka yake peke yake ya kukata umeme ukizidi, usigawane na redio wala taa. Swichi kubwa akaifunga ukutani pembeni ya jiko, si juu yake, ili sufuria ikishika moto mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya moto kwenda kuzima. Kisha ule waya wa kijani na njano akaufunga pale pa tatu, kwenye bati la jiko, na upande wa pili ukatoka nje hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini nyuma ya bafu, palipo na unyevu siku zote. Shimo la kuanzia alilichimba baba mdogo mwenyewe, na nyundo alipiga mwenyewe, shati la ofisini likamshika mgongoni kwa jasho. Aliniambia bila kunitazama, "Huu waya kazi yake ni kwamba umeme ukivuja uende ardhini, usipitie kwa mtu. Mimi niliuacha. Kwa hiyo ulikuwa unapitia kwako." Hamisi alipomaliza kupima, baba mdogo alivua viatu, akamwaga maji sakafuni, akasimama juu yake, akashika jiko kwa mikono miwili. Alisimama hivyo mpaka Hamisi akasema, "Inatosha, mzee."

"Mama yako mdogo nitamweleza mwenyewe," akaniambia jioni. "Nipe muda nitafute maneno." Nikampa. Lakini mama mdogo alirudi kutoka Magugu, akaniona napika, akaniona nainua sufuria kwa mikono mitupu siku baada ya siku, naye akawa ameshapata maelezo yake. Alinikumbatia jikoni. "Mungu ni mwema," akasema, na machozi yake yakanilowesha shingo. Nilimtazama baba mdogo juu ya bega lake. Akainamisha kichwa, akatoka nje. Wiki ile ile ikapangwa ibada ya shukrani.

Ilifanyika sebuleni, Jumapili mchana. Tulikaanga maandazi juu ya jiko lile lile, tukapika pilau, wanawake wakaja wamevaa vitenge vya sare. Mama Gaudensia akanisimamisha. "Mwanangu, tuambie Bwana amekutendea nini." Kila mtu akaniangalia kwa upendo. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye korido na viti viwili mkononi, alikuwa anavileta. Hapa ndipo pananichoma mpaka leo. Nilikuwa nimeuona ule waya kwa macho yangu, nimeelezwa, na bado sikuwa na hakika kwamba mimi ni mzima. Miezi ile ilikuwa imenifundisha kwamba kasoro iko ndani yangu. Waya ulikuwa umefungwa, lakini mimi nilikuwa bado najihisi mchafu, na pale mbele yao nilitaka sana kusafishwa. Nikasema, "Namshukuru Mungu. Ameniponya." Vigelegele vikapaa mpaka watoto wakakimbilia dirishani.

"Hapana," baba mdogo akasema.

Hakupaza sauti. Aliviweka viti chini kwanza, kimoja, kisha cha pili. "Hapana, Mama Gaudensia. Samahanini. Mtoto huyu hakuwa mgonjwa. Jiko lilikuwa linampiga shoti kweli, kama alivyosema siku ya kwanza. Nililifunga mimi, nikalifunga vibaya. Tumemwombea mtu aliyekuwa anasema kweli." Akanitazama, ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya birika. "Angekufa hapa ndani, na sisi tungesema ni pepo."

Mama mdogo alikuwa ameshika sinia la maandazi, na alibaki amelishika. Kisha mwanamke mmoja wa pembeni, mke wa muuza vifaa vya baiskeli, akasema polepole, "Mimi friji langu hunichoma nikishika mlango. Nilidhani ni presha." Mwingine akasema pasi yake. Mwingine akasema bomba la bafuni, na kwamba mume wake alimcheka. Mama Gaudensia akavua miwani akaifuta, akakaa. Sala ya kufunga ilisaliwa kwa haraka, pilau ikaliwa kwa haraka, na wote wakaondoka mchana bado mweupe. Hamisi hakukosa kazi Maisaka kwa muda mrefu baada ya hapo. Baba mdogo naye akapewa jina na vijana wa mtaani, Baba Shoti, na wengine walimwita hivyo usoni. Aliitika.

Mama mdogo hakunigombeza. Alininunulia ndala za ndani, za bluu, akaziweka mlangoni mwa chumba changu bila kusema neno. Tangu hapo hatukuweza kukaa sebuleni wawili bila mmoja kukumbuka kazi mahali pengine. Baba mdogo nilimkwepa kabisa. Aliposimama mbele ya watu wote akajivua nguo kwa ajili yangu, mimi nilikuwa nimeshashukuru kwa uongo, na niliona kwamba nimemwacha aadhirike peke yake. Nilimaliza mafunzo ya kushona, nikaaga asubuhi akiwa kazini, nikapanda basi. Niliolewa Singida. Mwaliko wa harusi niliwatumia kupitia mtu, na moyoni niliomba wasije. Hawakuja.

Kwa hiyo juzi nilishuka Babati nikiwa na mvi, nikachukua bajaji hadi Maisaka. Turubai lilikuwa limefungwa uani. Nilikaa nyuma pamoja na wanawake waliokuwa wanamenya viazi, nikapewa kisu, nikamenya. Hakuna aliyenijua. Baada ya mazishi Imani akanitafuta akanikuta pale. "Dada Paska, mama anakuita ndani."

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni kati ya wafiwa, amepungua mno. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba." Akanishika mkono, akaushika muda mrefu. "Kila Krismasi," akasema, "alikuwa ananiuliza, Paska haji mwaka huu? Nikamwambia, mpigie wewe. Akasema, yule mtoto hawezi kunisamehe, na ana haki. Amekufa anasema hivyo."

Nikamwambia, "Mama mdogo, mimi nilikuwa namwonea aibu yeye. Nilidhani hataki kuniona. Alisema ukweli wakati mimi nimeshasema uongo."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Uongo gani?"

"Kwamba nimepona."

Wanawake waliokuwa kwenye godoro walikuwa wanasikiliza. Wengine nadhani walikuwepo hata siku ile, wakiwa na vitenge vya sare. Mama mdogo akafunga macho. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ndiye niliyekuweka mkekani. Yeye alisema lake siku ile ile. Wewe umelisema leo. Langu mimi nimekaa nalo miaka yote hii na sijamwambia mtu." Kisha, mbele yao wote, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba apitishiwe chumvi, "Ulikuwa unasema kweli, Paska, nikakataa kukuamini kwa sababu nililipenda lile jiko. Nisamehe."

Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Akasogea, akapapasa godoro kando yake, na mtu mmoja akanisaidia kuvua viatu, nikaketi pale penye wafiwa.